Msikiti wa kale wa pwani: Kilwa Kisiwani, Kizimkazi au Gedi?

Mwanafunzi_Tanga:
Wakuu, salaam. Mwaka huu nina nauli ya safari moja tu, nataka kuuona msikiti wa zama za kati kwa utulivu. Nimebakiwa na mitatu: Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wa Kizimkazi Dimbani kule Unguja, na Msikiti Mkuu wa Gedi. Nasomea ujenzi, hivyo kuta na paa vinanivutia kuliko habari za masultani. Niende upi?

Mwambao:
Kilwa, mkuu. Pale unaona karne kadhaa ndani ya jengo moja. Upande wa kaskazini ndio wa zamani, wa karne ya 11 au 12: ukumbi wa nguzo tisa ulioezekwa wote, bila ua wa katikati. Mwanzoni mwa karne ya 14 Sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyo huyo aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331, akaongeza ukumbi mkubwa upande wa kusini, na kuba juu. Biashara ya dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji, ilipitia Kilwa, kwa hiyo fedha za kujengea zilikuwepo. Baadaye sehemu hiyo ikaporomoka, ikajengwa upya karne ya 15. Angalia nguzo: za al-Hasan zilichongwa kila moja kwa tumbawe zima, waliofuata wakajenga za pembe nane kwa mawe madogo na chokaa. Kwa fundi, tofauti hiyo peke yake ni somo.

Fundi_Chokaa:
Naongezea kidogo kwa mtoa mada. Paa la kawaida la pwani lilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikupi nafasi zaidi ya kama mita tatu hivi. Ndiyo maana nyumba na misikiti yetu ya kale ina vyumba vyembamba virefu na nguzo zilizosongamana. Kuba na matao ya Kilwa hayategemei boriti, ila yana uzito wa kutisha, na uzito huo wote unashuka kwenye nguzo.

Kingine, matumbawe ni ya aina mbili. La nchi kavu ni gumu, la kupandishia ukuta. La baharini likitolewa majini ni laini, unalichonga likiwa bado bichi, likikauka linakuwa gumu. Mihrabu na miimo ya milango utaikuta imechongwa kwa hilo la pili. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa juu ya tanuri la kuni.

Binti_Dimbani:
Ngojeni kwanza, kaka zangu. Kilwa ni gofu. Kwetu Kizimkazi watu wanasali mpaka leo, na ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, yenye jina la Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Ukipita nje utaona paa la bati tu, utadhani msikiti wowote wa kijiji. Ingia ndani, sogea karibu na mihrabu, utazame herufi zilivyochongwa kwenye tumbawe, ncha zake zikichipuka majani. Hayo Kilwa huyapati.

Mwambao:
Dada yangu, maandishi nayakubali. Ila sehemu kubwa ya jengo ni ya karne ya 18. Mwenzetu anatafuta kuta.

Binti_Dimbani:
Na kuba zako za karne ya 15 je? Si nazo zilijengwa upya?

Mkilifi:
Mwamsahau Gedi kwa sababu iko Kenya, au? Msikiti wake mkuu ni wa karne ya 15, ulichimbuliwa na mwanaakiolojia James Kirkman aliyeanza kazi pale 1948. Paa halipo, sikatai. Lakini nguzo zimesimama kwa safu, kisima na birika la udhu viko pale pale, na juu ya mlango wa mashariki kumechongwa mkuki. Mihrabu ilipambwa kwa mabakuli ya kaure. Na hapa huoni msikiti peke yake: kasri, nyumba na makaburi vyote viko ndani ya msitu, kaburi moja lina tarehe ya 1399. UNESCO wameuingiza mji huo kwenye orodha yao 2024. Tena ni rahisi kufika, matatu ya Mombasa–Malindi inakushusha kijiji cha Gede, jirani na magofu.

Mwanafunzi_Tanga:
Asanteni sana. Fundi ndiye amenimaliza na hizo boriti, naenda Kilwa. Dada, Kizimkazi nitakuja mwakani inshallah. Kuna la kujua kabla sijaondoka?

Mwambao:
Kibali unachukua Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, na mashua unaipata hapo hapo. Vuka asubuhi, beba maji. Ukitoka Msikiti Mkuu nenda ule mdogo wa kuba ulio jirani, wa karne ya 15. Husuni Kubwa, lile kasri la al-Hasan, iache mwisho, ni mwendo kidogo na jua la kule si la mchezo.