Jirani wa Mkomani: mfarishi wa Swabra

*Alhamisi, baada ya Isha*

Halati Mariamu: Masalkheri jamaa. Shule zimefungwa, watoto wanakesha na simu mpaka jogoo awike. Mimi na Swabra tumekata shauri, likizo hii twashona mfarishi, ule wa kujifunika, wa mapande ya leso yaliyoungwa. Mwenye leso (kanga) kuukuu zilizolainika lakini hazijachanika, alete. Kesho alasiri, barazani kwangu.

Bi Rukia: Masalkheri mwanangu. Mfarishi na joto hili la kaskazi? Mimi leso moja tu naitupia miguuni na bado naamka nimelowa.

Swabra: Si wa Lamu Bi Rukia, ni wa chuoni kwangu Eldoret 😭 Mwezi wa saba nililala na soksi, na buibui juu ya blanketi.

Mama Wanjiru: Pole mwanangu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na wewe umetoka hapa ambapo maji yakijaa yanagonga ukuta. Kwetu Nyahururu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana mnaniona na sufu mkononi Desemba hii na mnanicheka.

Bi Rukia: Hatukucheki, twakuonea huruma 😂

Ami Athmani: Mfarishi wa viraka? Watu watasema binti yetu kapelekwa chuo na matambara. Mnunulieni blanketi, yamejaa madukani.

Halati Mariamu: Athmani, lile tanga unalolishona pale ufukweni ni kitambaa kimoja?

Ami Athmani: Tanga ni tanga.

Fauz: Ami mimi nimeliona. Ni mapande marefu yameungwa ubavu kwa ubavu 👀

Ami Athmani: Hayo ni mapande. Kiraka ni pale palipotoboka.

Halati Mariamu: Basi na haya ni mapande. Hakuna leso itakayoingia ikiwa na tundu. Na hiyo leso yenyewe unayoionea fahari ilianza kwa kuungwa. Husimuliwa kuwa karne ya 19 wanawake wa pwani hii walikuwa wakinunua leso ndogo za mraba zilizoletwa na Wareno, zimechapwa kwenye jora moja. Badala ya kukatiwa moja moja wakakatiwa sita, tatu wakaziunga na tatu, ikawa nguo ya kujifunga. Wenye viwanda walipoona soko liko huko ndipo wakachapa nguo nzima. Haya, tuambie hao nao walikuwa na matambara?

Ami Athmani: Nimeitwa msikitini.

Mama Wanjiru: Isha si imeshasaliwa? 🙈

Swabra: 😂😂😂😂

*Ijumaa*

Fauz: Bibi amesikia habari ya leso. Amesema niandike kama asemavyo, nisigeuze hata neno.

Fauz: "Waanangu, leso za kwenye sanduku ni zangu na nimezitoa, zikateni. Kisutu changu msikiguse. Na jina la leso halikatwi kati. Ndooni yeo baada ya Lasiri, nataka kuziona kabla ya mkasi. Mato yangu hayaoni sana, mkono waona."

Halati Mariamu: Mwambie tumesikia. Kisutu hakitoki sandukuni, na jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, halikatwi.

Nuru: Kisutu ndicho kipi?

Halati Mariamu: Nuru! Ile nyekundu, nyeusi na nyeupe. Ya arusi. Wewe umri huo hujui kisutu, mama yako namtafuta leo.

Bi Rukia: Kwani maji leo yametoka kwenu? Kwangu bomba lakohoa tu.

Halati Mariamu: Yalitoka alfajiri. Tena ya leso tuyaweke sawa sasa hivi, maana mara ya mwisho tulishona foronya, nyekundu ikatoa rangi, nyeupe yote ikawa kama sharubati ya ukwaju. Kila leso ifuliwe PEKE YAKE, maji baridi, mpaka maji yatoke meupe. Zikikauka, lowesha kitambaa cheupe, sugua pale penye rangi kali. Kitambaa kikishika rangi, rudisha kwenye beseni.

Bi Rukia: Tia chumvi mwanangu. Sisi tulikuwa twatia chumvi, rangi yakamata.

Mama Wanjiru: Bi Rukia kwa heshima zote, chumvi haizuii rangi iliyokwisha chapwa. Kinachosaidia ni kuisuuza mpaka ile iliyozidi iishe.

Bi Rukia: Aa. Na maji ya kisima chetu yana chumvi tayari, kumbe nimefua bure miaka yote hiyo 😂

Halati Mariamu: Na kufua kabla ya kukata ni kwa sababu nyingine pia, leso mpya yaruka. Ukishona leo ukafua mwezi ujao, kila pande litajivuta upande wake, mfarishi uwe kama uso wa mtu aliyekula ndimu.

Swabra: [Picha] Hizi ndizo tulizopata. Kumi na moja, ukitoa kisutu.

Ami Athmani: Ile ya buluu yenye mikorosho ni ya mke wangu. Nani kaitoa?

Swabra: Yeye mwenyewe Ami.

Ami Athmani: Sawa.

*Jumamosi*

Halati Mariamu: Vipimo kwa walioondoka mapema. Pande ni inchi 5 na nusu kila upande. Ukishona unakula robo inchi huku na robo inchi huku, linabaki inchi 5. Kumi na mbili kwa kwenda, kumi na sita kwa kushuka, unapata futi 5 kwa futi 6 na inchi 8. Jumla mapande 192. Lakini katikati tunaweka mji, ile sehemu ya kati, wa ile leso ya mabiringani, mzima, inchi 20 na nusu, nao unakaa mahali pa mapande 16. Kwa hiyo yanabaki 176 ya kukata.

Fauz: Halati hii ni hesabu ya mtihani au mfarishi?

Halati Mariamu: Wewe ndiye unayekata, kwa hiyo ni yote mawili. Na fuata uzi wa kitambaa. Ukikata mshazari pande litavutika kama chingamu, pembe hazitakutana.

Mama Wanjiru: Na mkasi wa leso usikate karatasi. Jana nimemwona mtu akikata kifuniko cha daftari, simtaji.

Fauz: 🙄

Swabra: Safu ya kwanza tumemaliza!! [Picha]

Nuru: Nzuri mashallah

Bi Rukia: Mashallah tabarakallah. Rangi zimekaa.

Mama Wanjiru: Hebu ngojeni. Kuzeni hiyo picha. Pande la tatu na la nne someni.

Nuru: NANI KAMA

Nuru: HASIDI

Nuru: 😂😂😂😂😂😂

Fauz: NANI KAMA HASIDI 💀

Swabra: Wallahi sikuona!! Moja ilikuwa Nani kama mama na nyingine Hasidi hana sababu, nikakata inchi tano na nusu kama nilivyoambiwa

Bi Rukia: Mwenzio Eldoret akija kukutembelea chumbani asome hivyo kitandani, ataondoka bila kunywa chai.

Ami Athmani: Bibi alisema nini jana? Jina halikatwi kati.

Halati Mariamu: Na hapo Ami yenu amesema kweli, inatokea. Fumueni hayo mawili taratibu, kwa ncha ya sindano, msivute uzi. Kuanzia sasa majina yanakatwa mazima, ukanda mrefu pamoja na nafasi yake, yanawekwa kando. Nina pa kuyaweka.

Swabra: Wapi?

Halati Mariamu: Mgongoni. Upande wa chini wa mfarishi ni shuka nyeupe tupu, itachosha macho. Tutayapanga pale mistari mistari, kila jina kamili. Ukilala unalalia maneno ya bibi yako, na mgeni haoni kitu.

Nuru: Naipenda hii

Fauz: Bibi amesikia ile ya hasidi. Amecheka mpaka amekohoa. Asema na pindo la leso lisitupwe, ndilo lizungushwe ukingoni. Lina rangi nzito, halionyeshi uchafu upesi.

Mama Wanjiru: Na mimi nina darasa langu dogo hapa kando msinisahau. Nuru ameanza sweta la mdogo wake, wanakwenda naye Limuru kwa mjomba wao mwezi wa kwanza. Nuru, waambie.

Nuru: Mama Wanjiru alisema nifume kwanza kipande cha kujaribia cha sentimita 10. Nikasema aa, napoteza uzi. Nikaanza tu na vitanzi 66.

Mama Wanjiru: Mimi nikifuma napata vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Kifua cha mtoto na nafasi ya kupumua ni sentimita 60, kipande cha mbele ni 30, kwa hiyo 66. Lakini Nuru mkono wake unakaza, anapata 26. Hizo 66 zikampa sentimita 25 na kidogo.

Bi Rukia: Mtoto ataingia?

Mama Wanjiru: Paka ataingia.

Nuru: 😭 Nimefumua yote. Sasa nina 78

Mama Wanjiru: 78 ndiyo sawa. Usibadilishe mkono katikati sasa. Na usiku fumeni darini penye upepo, mchana vidole vina jasho, uzi hautelezi kwenye sindano za chuma. Mliouliza kama mwaweza kufuma sweta kwa uzi wa pamba, mwaweza, lakini pamba haivutiki na kurudi kama sufu. Sweta zito la pamba likiloa linaning'inia mpaka magotini. Na ule uzi wa dukani wa akriliki usiupige pasi ya moto, unayeyuka. Sufu halisi nayo maji ya moto huigandisha ikawa kama zulia la mtoto wa paka.

Ami Athmani: Huyu paka anatajwa sana leo.

Fauz: Na mimi nimepata kofia ya viua jamani mbona hamuniulizi. Bibi amenipa kitambaa kimeshachorwa. [Picha]

Halati Mariamu: Mashallah! Viua vingapi?

Fauz: Safu moja ya ukanda wa chini. Kila kiua unatoboa katundu, halafu unakazungushia uzi, sindano inapita karibu karibu mpaka kitambaa kisionekane ukingoni. Bibi akipitisha kidole ajua wapi nimeruka. Vitatu amenifumulisha.

Bi Rukia: Ukimaliza nauliza bei.

Fauz: Bibi asema ya mkono ni miezi, na ya kwanza haiuzwi.

*Jumapili*

Halati Mariamu: Umeme ulikatika jana usiku ila cherehani yangu ni ya miguu, sikumsubiri mtu. Juu kumekamilika. [Picha]

Mama Wanjiru: Dada Mariamu 😍 Ule mji katikati!

Swabra: Sasa ndani tunatia nini? Pamba?

Halati Mariamu: Pamba ya kuchambua ukifua inakusanyika pembe moja, unalala na mto ndani ya mfarishi. Nina blanketi jembamba la zamani, limeshafuliwa mara elfu, haliruki tena. Ndilo litakalokaa kati. Mpangilio wake ni huu: shuka ya chini yenye majina, uso uangalie sakafu. Juu yake blanketi. Juu yake mapande. Nyoosheni kwa viganja, tieni pini kuanzia KATIKATI mkitoka nje. Mkianzia ukingoni hewa na mikunjo inakimbilia kati, hapo hakuna dawa.

Bi Rukia: Sakafu ya nani pana hivyo?

Halati Mariamu: Kwa Athmani. Ukumbi wake ndio mrefu.

Ami Athmani: Nimeulizwa?

Halati Mariamu: Mkeo ameulizwa.

Swabra: Na hizo tabaka tatu cherehani itapita?

Halati Mariamu: Huenda ikavunja sindano. Hapo ni mkono, mishono midogo inayopita tabaka zote tatu, mstari kando ya kila kiungo. Uzi wa kawaida utakatika katika, unasuguana na blanketi. Sijui tutumie wa aina gani.

Ami Athmani: Upakeni nta.

Halati Mariamu: Ehe?

Ami Athmani: Nta ya nyuki. Unavuta uzi juu ya kipande cha nta mara mbili, halafu unaupitisha katikati ya vidole upate joto. Unakuwa laini, haupindani, hautafunwi na kitambaa. Tanga twashona hivyo, na lile linapigwa na kusi, si kulaliwa na mtoto wa chuo.

Mama Wanjiru: Ami leo umetufungulia sanduku 👏🏾

Ami Athmani: Na msifunge fundo kubwa mwisho wa uzi. Rudisheni mishono miwili juu ya ule ule, uzi uzame katikati ya tabaka. Fundo linamkwaruza mtu usiku.

Fauz: Kwa hiyo si matambara tena Ami? 😏

Ami Athmani: Wewe nenda kwenye viua vyako.

Swabra: Ami nta unayo?

Ami Athmani: Ninayo ya kutosha. Nitakuja nayo kesho baada ya Lasiri, na sindano zangu, nami nishone ule ukingo wa pindo. Nyinyi mtaupinda.

Halati Mariamu: Leta nta Athmani, na mkono wako karibu. Sindano za tanga ziache huko huko, zile zitatoboa leso ya mkeo mpaka mchana uonekane.