BX ya 1991 imekuwa ngumu kama mkokoteni: matufe mapya, kujaza gesi, au springi?

Mkaaji_Liège
Wakuu habari za jioni. Nina Citroën BX ya dizeli ya mwaka 1991, tumeachiwa na baba mkwe hapa Ubelgiji. Enzi zake gari hili lilikuwa linaelea. Watoto walikuwa wanasinzia kabla hatujaingia barabara kuu. Sasa hivi kila ufa wa lami naupokea kiunoni. Nikiikalia pembe ya nyuma kwa uzito wangu wote, haishuki hata kidole. Tena injini ikiwa inanguruma tu, gari limesimama, nasikia "tak" kule mbele kila baada ya sekunde tatu au nne.

Fundi amenipa jibu moja: matufe ya gesi, yale yanayofanya kazi ya springi kwenye gari hili, yamekwisha, yote matano. Mapya nimeambiwa yuro 40 kila moja. Kuna mtu anajaza gesi kwenye haya ya zamani kwa yuro 18. Na jirani ananishauri ning'oe mfumo mzima nifunge springi za kawaida. Kuliuza gari sitaki, mke wangu hataki hata kusikia. Mliopitia haya, naombeni uzoefu wenu.

Nyundo_Temeke
Mkuu, funga springi upumzike. Hapa Dar Range Rover nyingi mifuko yao ya hewa ikipasuka mafundi wanaitoa, wanafunga springi na shokapu, gari linapiga kazi miaka. Unalipa mara moja, yamekwisha.

Fundi_Mstaafu
Nyundo, mdogo wangu, kwa Range Rover sikupingi. Kwa BX usimpeleke mwenzio huko, maana utamtoa breki.

Range Rover breki zake ziko mbali na mifuko ya hewa. BX pampu ni moja: inanyanyua gari na inasukuma breki kwa mafuta yaleyale. Na breki za nyuma zinachukua presha kutoka kwenye mkondo wa mafuta wa sasipensheni ya nyuma, yaani ule unaobeba gari. Ukipakia abiria na magunia, presha ya nyuma inapanda, na breki za nyuma zinapata nguvu zaidi zenyewe. Ukiwa peke yako inashuka, ili magurudumu ya nyuma yasijifunge. Sasa ukiweka springi nyuma na kuziba ule mkondo, breki ya nyuma itapata presha wapi? Mtu atakayekufungia springi bila kukujibu swali hilo, usimpe funguo.

Halafu tuelewane tufe ni nini. Ni mpira wa chuma, ndani umegawanywa na kiwambo cha mpira laini. Upande mmoja naitrojeni, upande wa pili mafuta. Gurudumu likipanda juu ya tuta, mafuta yanasukumwa ndani ya tufe na gesi inabanwa. Gesi ndiyo springi. Shingoni mwa tufe kuna vali ndogo inayobana njia ya mafuta, hiyo ndiyo shokapu yako. Miaka ikienda gesi inapenya kiwambo polepole, hakuna wa kulaumiwa. Ikiisha, tufe linajaa mafuta matupu, na mafuta hayabanwi. Ndiyo maana gari lako halishuki ukilikalia.

Hiyo "tak" ya sekunde tatu ni tufe la tano, la akiba, lililo karibu na pampu chini mbele. Likiwa zima, gari limetulia, unaweza kuhesabu hadi thelathini au zaidi kabla ya kulisikia. Hilo libadilishe kwanza, hata kama huna pesa ya mengine. Ndilo linalokuwekea akiba ya breki injini ikizimika ukiwa njiani.

Mkaaji_Liège
Shikamoo mzee. Hili la breki hakuna aliyewahi kuniambia. Springi nimezifuta. Sasa nimebaki kati ya mapya na kujaza.

Fundi_Mstaafu
Marahaba mwanangu.

Zaituni_Lyon
Kaka, mimi nina Citroën GS, yenye matufe kama yako, na nimepita njia zote mbili. Mwanzo nilijaza. Matufe manne yaliingia gesi, gari likawa laini siku ileile, nikafurahi. Baada ya wiki tatu la nyuma kulia likarudi kuwa jiwe. Kiwambo kilikuwa kimetoboka, na kiwambo kikitoboka unajaza gunia lenye tundu. Yaliyobaki matatu yalinifikisha miaka miwili na kitu.

Kwa hiyo kujaza ni kwa tufe lililopungua, siyo lililokufa. Anayejaza akiwa mkweli atalipima kwanza akuambie limebaki na baa ngapi za presha. Likisoma sifuri kabisa, usilipe.

Nimejaribu na ya gari bovu kwenye yadi ya skrepa, yuro 5 moja. Usijisumbue. Umri wake ni uleule wa yale unayoyatoa.

Kipanga_77
Kujaza upepo wa kawaida wa kompresa haiwezekani? Hewa si nyingi yake ni naitrojeni?

Fundi_Mstaafu
Hapana Kipanga, tafadhali. Hewa ina oksijeni na unyevu. Oksijeni ikibanwa sana karibu na mafuta inaweza kulipuka kama ndani ya silinda ya dizeli. Unyevu nao unakula chuma kwa ndani. Naitrojeni kavu, na mwenye kifaa cha kazi hiyo. Na asikutoboe tufe ili achomelee vali. Nimeona kazi za namna hiyo na sikubali kusimama karibu nazo.

Matufe ya Citroën DS za zamani yalikuwa nusu mbili zinazofunguka, ukabadilisha kiwambo na kufunga tena. Ya BX yamefungwa moja kwa moja.

Zaituni_Lyon
Nyongeza ukienda kwenye mapya: soma namba zilizogongwa kwenye tufe, usitaje jina la gari tu. Dukani niliwahi kupewa ya mbele badala ya nyuma, nyuzi zikaingia vizuri kabisa. Barabarani gari likawa linarukaruka nyuma kama mbuzi. Presha ya gesi na tundu la vali vinatofautiana mbele na nyuma, na hata kati ya injini nyepesi na nzito. Dizeli yako ni nzito mbele, kumbuka hilo.

Salum_C5
Na mafuta pia. BX inatumia LHM, mafuta ya kijani ya mfumo huu. Mimi nina Citroën C5 inayotumia LDS, mafuta mengine ya rangi ya chungwa, sithubutu kuchanganya. Mafuta ya breki ya kawaida ndiyo sumu kubwa kabisa, yanaharibu sili zote za mfumo wa kijani.

Mkaaji_Liège
Nimeagiza mapya matano. Mzee, nikitaka kufunga mwenyewe?

Fundi_Mstaafu
Inawezekana, ukiwa na subira. Usiingize hata mkono chini ya gari linaloshikiliwa na mafuta tu; likishuka linashuka lote. Jeki, halafu stendi imara. Weka wenzo wa kupandisha na kushusha gari chini kabisa, zima injini, fungua skrubu ya kutolea presha pale kwenye rigyuleta (kidhibiti presha), spana namba 12, mzunguko mmoja au mmoja na nusu. Usiitoe yote, ndani kuna gololi ndogo na ikikuponyoka utaitafuta hadi magharibi.

Ya nyuma yatakusumbua, chumvi ya barabara za huko inayagandisha. Tumia spana ya mnyororo na mafuta ya kupenyeza tangu siku moja kabla. Mapya yanafungwa kwa mkono tu. Pete ya mpira iwe mpya, ipake LHM, kaza kwa nguvu ya kiganja uache. Presha yenyewe ndiyo inayoiziba. Wengi wanakaza kwa spana, na mtu wa baadaye analia.

Ukiwa hapo, toa vichujio viwili vya tangi la mafuta, vioshe kwa petroli, uweke LHM mpya. Ukimaliza funga skrubu, washa, pandisha na kushusha gari mara kadhaa hadi hewa itoke. Usiondoke mpaka taa ya STOP izime na pedali ya breki ijibu.

Mkaaji_Liège
Nimerudi na majibu. Mbele ilinichukua saa moja. La nyuma kushoto lilinichukua mchana mzima, na mnyororo uliteleza mara mbili ukanichuna vidole. Lilipoachia lilitoa mlio kama mti unaovunjika. Nililichukua mkononi nikashangaa uzito wake. Nililiinamisha yakatoka mafuta ya kijani yaliyokaribia kuwa meusi, bila hata pumzi ya gesi.

Niliwasha saa kumi na moja jioni. Gari lilinyanyuka nyuma kwanza, kisha mbele, kama lilivyokuwa linafanya kwa baba mkwe. Nilihesabu "tak" kwa sauti: arobaini na moja. Mke wangu alikuja akaegemea buti kwa kiganja kimoja tu, likashuka polepole, likapanda tena. Akalisukuma mara ya pili. Kisha akaingia ndani kuchukua koti lake, akasema twende tukalijaribu kwenye ile barabara ya zege.

Nyundo_Temeke
Hongera mkuu. Nami nimefuta ushauri wangu wa springi kwa magari haya. Mzee, umenifunza.