Lori linawaka leo, kesho linagoma: tupeane uzoefu

ViaziMolo (Nakuru)
Wadau, habari za kazi. Nina Canter ya zamani ya volti 24, inatoa viazi Molo kuja Nakuru, na mzigo ukipatikana tunateremka hadi Kisumu. Asubuhi ukigusa ufunguo tu, linanguruma. Balaa ni baada ya kushusha mzigo sokoni, injini ikiwa bado moto. Ukiwasha unasikia "tak!" moja, halafu kimya. Unapiga soga kidogo na wapakizi, unajaribu tena, linawaka kama si lile lililokuaibisha mbele ya watu.

Fundi wa kwanza alisema betri, tukanunua. Wa pili akasema altaneta, ile inayochaji betri. Na kila nikilifikisha gereji linawaka vizuri, fundi ananitazama kama mtu anayelisingizia gari. Kwa aliyewahi kuugua ugonjwa huu: lako lilikuwa linagoma wakati gani, na mwishowe mlikuta nini? Wa kukisia wapumzike kidogo, nimewalipa wa kutosha.

FundiKondele (Kisumu)
Boss, anza na sauti. Tak-tak-tak ya haraka mara nyingi ni umeme mchache: betri imechoka au vichwa vyake vimelegea. Kimya kabisa, fuata njia ya ufunguo: fyuzi, rilei, swichi, waya mwembamba. Yako ni tak moja nzito. Maana yake solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, imevuta, ila umeme mkubwa haujapita kwenda kwenye mota ya stata inayozungusha injini.

Niliwahi kufungua stata ya lori la miwa lenye tabia hiyo hiyo. Ndani ya solenoidi kuna vipande viwili vya shaba, na kuna kisahani kinachokuja kuvigonga ili umeme upite. Vile vipande vilikuwa vimeungua vikawa vyeusi, kimoja kimelika upande hadi kubaki chembamba kama ukucha. Sasa, kile kisahani hujizungusha kidogo kila kikirudi. Kikitua penye shaba nzima, lori linawaka. Kikitua palipoungua, tak. Hapo ndipo watu wanaanza kusema gari limerogwa. Joto nalo linachochea: koili ikipata moto ukinzani wake unapanda, solenoidi inavuta kwa unyonge.

Usinunue kitu kingine. Tembea na mita. Siku likigoma, mtu ashikilie ufunguo hadi mwisho, wewe pima ule waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi. Ukipata volti 20 na zaidi na stata haizunguki, ugonjwa uko kwenye stata yenyewe au athi yake, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Usipopata kitu, rudi juu kwa rilei na swichi. Gia iwe nyutro na tairi uziwekee mawe. Kuna vijana wanaunganisha stata kwa bisibisi wakiwa chini ya gari bila kuangalia gia, wanacheza na kifo.

DerevaWaMiwa
Langu lilikuwa swichi ya ufunguo. Ukiutikisa linawaka, ukiuacha halitaki. Tukabadilisha, kwisha.

MamaMchanga (Ahero)
Mimi si fundi, mimi ndiye ninayelipa. Letu lilikuwa linagoma Jumatatu. Jumanne hadi Jumamosi hakuna kesi. Dereva akawa ananunua betri moja, baada ya muda nyingine, na mimi natoa pesa tu.

Kijana mmoja wa umeme akaja na mita, akapima kila betri peke yake badala ya kupima zote mbili pamoja. Moja 12.6, nyingine 11.9. Akafuata nyaya na mkono, akafika kwa redio. Redio ni ya volti 12, lori ni la 24, kwa hiyo tanboi alikuwa ameiunga kwa betri moja tu, pamoja na chaji za simu. Hiyo betri inanyonywa peke yake, mwenzake iko sawa, na altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja. Ile nzima inazidishiwa, ile nyonge haishibi. Jumapili lori limelala, muziki unaendelea, Jumatatu mnasukuma.

Tuliweka kile kidude cha kushusha 24 kuwa 12, tukanunua betri mbili za aina moja siku moja. Tanboi bado ana redio yake, sikumnyang'anya.

FundiKondele
Huyo kijana usimpoteze, mama. Wengi hupima jumla, wakiona 24 na kitu wanasema betri ni nzima.

NjiaYaMalaba
Yangu ilizunguka vizuri tu, lakini haikuwaka. Wenye shida hii wasiguse stata. Nilikuwa nikilala Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, baridi ile mnaijua. Kila mtu akasema hita plagi, zile za kupasha injini joto kabla ya kuwasha. Nikaja kugundua kwamba nikiegesha kichwa kikiangalia mlimani haliwaki asubuhi, nikiegesha tambarare, hata hapo hapo Timboroa, linawaka. Baridi ilikuwa ile ile.

Kumbe dizeli ilikuwa inarudi kwenye tangi usiku kwa sababu hewa inaingia mahali. Pampu ya mkono asubuhi ilikuwa laini kabisa, unaibonyeza mara nyingi ndipo inakuwa ngumu. Tukaweka kipande cha mpira unaopitisha mwanga kabla ya pampu, mapovu yakaonekana wazi. Mpira wa zamani ulikuwa na ufa mdogo pale unapobanwa, na washa za shaba, zile pete za kuziba maungio, zilikuwa zimechoka. Dizeli haikudondoka chini hata tone, maana pale pampu inavuta: hewa inaingia, mafuta hayatoki.

Na nyinyi mnaopuliza dawa ya kuwashia huku hita plagi zikiwa moto, mtapasua injini.

MzeeWaMumias
ViaziMolo, kabla hujafungua stata pima athi. Ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye mwili wa stata, mtu azungushe. Ikizidi volti moja, umeme unapotea njiani. Langu lilipakwa rangi chesi, bolti ya athi ikafungwa juu ya rangi. Dalili iliyonifumbua macho ni kebo ya akseleta: ilikuwa moto, ganda lake limeanza kulainika. Umeme ulikosa njia yake ukapitia huko. Nilikwangua hadi chuma kikang'aa, nikafunga.

ViaziMolo
Asanteni. Jana liligoma tena soko la Wakulima, na kwa mara ya kwanza nilifurahi likigoma. Waya mwembamba: 23.1. Athi ya mzee: chini ya nusu volti. Bolti ile nene inayotoka betri: umeme upo. Bolti ya upande wa pili wa solenoidi, inayoingia kwenye mota: sifuri. Nikasubiri, nikajaribu tena, likawaka.

Leo stata imefunguliwa. Shaba zote mbili zimeungua, na kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota zilikuwa zimebaki fupi. Tumebadilisha hizo tu, stata nzima nimekataa kununua.

FundiKondele
Safi. Je, vipande vya shaba vina kimo sawa? Kimoja kikizidi, kisahani kinakaa upande na kitaungua tena mapema. Na mlitoa hasi ya betri kwanza?

ViaziMolo
Hasi ilitoka kwanza. Kimo alikipima mbele yangu, na kisahani akakigeuza upande wa pili ambao haujaungua. Picha ya zile shaba za zamani naweka jioni nikishamaliza kupakia.