Marko 16:9-20 haimo katika nakala za kale: niamini nini sasa?

Msharika
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Biblia yangu imeweka Marko 16:9-20 kwenye mabano, na tanbihi inasema nakala za kale hazina mistari hiyo. Tangu hapo kila nikisoma najiuliza ni kipi kingine kiliongezwa. Naambiwa niombe tu, shaka ni ya Shetani. Nianzie wapi?

Katekista
Amina. Tanbihi ni ya kweli. Codex Vaticanus na Codex Sinaiticus, nakala za Biblia ya Kigiriki zilizoandikwa kwa mkono, zote za karne ya 4, zinaishia 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Ila Irenaeus, askofu wa kanisa la kale, alinukuu 16:19 mnamo mwaka 180 hivi, kwa hiyo mistari yenyewe ni ya kale, hata kama wataalamu wengi hawaoni kuwa ni ya Marko. Vifungu virefu vya namna hii katika Agano Jipya ni viwili. Kingine ni Yohana 7:53–8:11, kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini. Tofauti nyingi zilizobaki ni za tahajia, mpangilio wa maneno, au mnakili kuruka mstari.

Chukua karatasi. Orodhesha kila fundisho la mistari hiyo, kisha tafuta liko wapi pengine. Ufufuo: Mathayo 28, Luka 24, Yohana 20, na 1 Wakorintho 15:3-8, barua ya yapata mwaka 55. Kupaa: Matendo 1:9. Kutumwa: Mathayo 28:19. Kitakachokosa pa kushika ni kunywa sumu bila kudhurika. Kuhusu kushika nyoka, anayetajwa pia katika mistari hiyo, nyoka yumo Matendo 28, lakini Paulo hakumshika kwa makusudi, kwa hiyo usijenge ibada hapo.

Mzee wa Kanisa
Wengi huigeuza Yakobo 1:6, inayosema tuombe bila shaka yoyote, kuwa fimbo. Yakobo anamkemea mwenye nia mbili, si anayeuliza mstari umetoka wapi. Yuda 22 inaagiza wenye shaka wahurumiwe. Na katika Mathayo 28:17 baadhi waliona shaka wakiwa mbele ya Yesu mwenyewe. Agizo la mstari wa 19 wakapewa wote.

Ibada usiache. Chunguza swali moja moja, mchana, na usiku achana na video za mabishano: zinamwaga maswali kumi bila kujibu hata moja. Kuomba, tumia Zaburi 13: mistari 2 ya kulalamika, 2 ya kuomba, 2 ya kutumaini. Ukishindwa kufika ya 5-6, ishia ya 4. Zaburi 88 yote inaishia gizani, na imo kwenye Biblia.

Msharika
Asanteni. Na yule mwanamke wa Yohana 8, naye nimwache?

Katekista
Hapana. Kifungu kutokuwa cha Yohana hakumaanishi tukio halikuwapo. Nakala chache hukiweka baada ya Luka 21:38. Kifundishe, ila wasomee watu na tanbihi.