Naacha uhasibu nikajitolee nje ya nchi: je, ni sawa wachangiaji wanilipie mlima?

Bi_Leja

Habari zenu wakuu. Nahitaji ushauri wa waliopita njia hii, na wa yeyote mwenye akili tulivu.

Mimi ni mhasibu wa kampuni binafsi. Kufunga hesabu za mwezi, kuoanisha daftari la fedha na taarifa ya benki, kukaa na wakaguzi mpaka risiti ya mwisho ionekane: kazi hiyo naiweza na siichukii. Ila kwa muda mrefu nimekuwa na kiu ya kuifanya mahali ambapo hesabu ikikaa vizuri kuna mtu anapata nafuu. Sasa nafasi imepatikana. Shirika dogo la maji vijijini limenikubali nijitolee kwa mwaka mmoja. Watanipa chumba na posho ya kujikimu. Nauli, bima na kibali ni juu yangu, na wameniomba, nikiweza, niwachangishie fedha za kisima cha pampu ya mkono.

Nimepanga kupanda Kilimanjaro kabla sijaondoka, watu wachangie kupitia safari hiyo. Hapo ndipo ninapokwama. Mlimani kuna ada za hifadhi, waongozaji, wapagazi, mahema. Akiba yangu ikilipia mlima, sina nauli. Ikilipia nauli, mlima utalipwa na wachangiaji, na mtu aliyetoa hela akijua anachimba kisima atakuwa amenipandisha mimi mlima. Wenzangu wananiambia ndivyo kila mtu anavyofanya. Roho yangu inakataa.

La pili: niache kazi kabisa au niombe likizo bila malipo?

Mzee_wa_Pampu

Bi Leja, nianze na la pili maana ni fupi. Omba likizo bila malipo kwa barua, na jibu ulipate kwa barua. Iandikwe tarehe ya kurudi, nafasi utakayorudia, na nani ataendelea kuchangia bima ya afya na pensheni yako. Wakikataa, ndipo uandike barua ya kujiuzulu na kuheshimu muda wa notisi.

Sasa kisima. Nimefanya kazi ya maji vijijini miaka mingi, na nakuomba usichangishie kuchimba peke yake. Pampu nyingi zinakufa maji yakiwa bado yapo. Kinachoziua ni kipande kidogo cha mpira ndani ya silinda kilicholika, au fito la chuma lililoshika kutu likakatika, na kamati ya maji haina hela ya kununua kingine. Nimewaona akina mama wakisukuma mpini, unapanda na kushuka mwepesi, hautoi hata tone. Pale panahitajika mfuko wa matengenezo: kaya zinachangia kidogo kidogo, mweka hazina anaandika, na daftari liko wazi kwa kila mtu. Siku watu wakiacha kumwamini mweka hazina, michango inakoma, na pampu ikiharibika ndio basi.

Hiyo ni kazi yako kabisa. Waulize wenyeji wako kama wanataka mtu wa kukaa na kamati hizo na kuzifundisha daftari rahisi: zilizoingia, zilizotoka, salio. Wakisema ndiyo, iandikwe kwenye hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi yako, pamoja na mwenyeji utakayefanya naye kazi bega kwa bega, ili ukiondoka asibaki kapa.

Na usiende kwa viza ya utalii. Nchi nyingi zinadai kibali hata kama hulipwi. Tanzania, kwa mfano, mgeni anayejitolea anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C.

Msafiri_wa_Pedali

Roho yako inasema kweli, isikilize.

Mimi huchangisha kwa safari ndefu za baiskeli. Gharama za safari ni zangu, na hilo ndilo jambo la kwanza ninaloandika kwenye ombi, juu kabisa, kabla hata ya kueleza shida yenyewe. Michango inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shirika, haipiti kwenye simu yangu. Yapo mashirika yanayompangia msafiri kiwango cha chini cha kuchangisha, na sehemu ya fedha hiyo ikalipia safari yake. Kama mchangiaji ameambiwa hivyo waziwazi kabla hajatoa, sina ugomvi nao. Asipoambiwa, amedanganywa.

Halafu, nani kasema lazima uwe mlima? Terry Fox, kijana wa Kanada aliyekatwa mguu wa kulia mwaka 1977 kwa saratani, alianza kukimbia kutoka St. John's Aprili 1980 akiwa na mguu wa bandia, karibu kilomita 42 kwa siku, kwenye barabara za kawaida tu. Ombi lake lilikuwa dola moja kwa kila Mkanada, ziende kwenye utafiti wa saratani. Waliotaka kumtumia kwa matangazo ya biashara aliwakataa. Saratani ilipofika kwenye mapafu alilazimika kusimama karibu na Thunder Bay, baada ya siku 143 na kilomita 5,373. Kufikia Februari 1981 michango ilikuwa imepita dola milioni 24, na Wakanada wenyewe walikuwa kama milioni 24. Ombi lile hata mtoto alilielewa. Tafuta ombi la namna hiyo kwanza, njia utaipata.

Njia_ya_Mawe

Naongoza wageni mlimani, kwa hiyo nitasema la mlima tu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895, na shinikizo la hewa pale ni kama nusu ya lile la usawa wa bahari. Wanaopunguza siku ili kupunguza gharama ndio tunaowashusha wakitapika. Siku nane kwa njia ya Lemosho zinaupa mwili muda wa kuzoea. Siku tano kwa njia ya Marangu ni chache mno. Mtu akianza kuyumba anashuka saa hiyo hiyo, hata kama wachangiaji wanasubiri picha, kwa hiyo usimwahidi mtu kilele. Soma na bima yako, nyingi zina kikomo cha mwinuko.

Na tafadhali, kampuni ya bei ya kutupwa mara nyingi imekata kwenye ujira na chakula cha wapagazi. Usichangishie maji ya kijiji kwa mgongo wa mtu aliyelala njaa.

Bi_Leja

Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimewaandikia wenyeji wangu na wamejibu: wana kamati kadhaa ambazo madaftari yao hayajaandikwa muda mrefu, na wangependa nianze nazo. Basi nachangishia vipuri na mafunzo ya mafundi wa pampu. Mlima nimeuweka kando. Nitatembea kwa miguu, njia ndefu, kwa gharama yangu, na nauli inabaki salama. Barua ya likizo naipeleka Jumatatu.

Swali moja: mtu akinipa fedha mkononi njiani, nifanyeje?

Msafiri_wa_Pedali

Beba kitabu cha risiti chenye nakala, namba za mfululizo na muhuri wa shirika. Mwandikie palepale mbele yake, na fedha ziingie kwenye akaunti ya shirika kabla hujalala. Ulizia pia kibali cha kuchangisha hadharani kila eneo utakalopita, sehemu nyingi wanakitaka, na nakala yake utembee nayo.