Mtu anaundaje mtumiaji kwenye SAP bila paswedi ya yeyote? Vijana wangu wanashukiwa bure

DadaMhasibu_Mza

Mwangaluka wakuu. Mimi ni mhasibu upande wa malipo ya wasambazaji katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mawakala wetu wako Ukerewe, Ukara, Kome, wengine Musoma, na wote huangalia malipo yao kwenye lango la SAP (programu ya kuendeshea hesabu na malipo ya kampuni) ambalo linafunguka popote penye intaneti, hata kwenye simu.

Wiki hii wakala mmoja wa Ukerewe kanipigia. Mzigo kaleta, umepimwa, karatasi ya mizani anayo mkononi, pesa hajaiona. Nikafungua rekodi yake: malipo yametoka, ila namba ya akaunti ya benki siyo yake. Ilibadilishwa Jumapili usiku, na aliyeibadilisha ni mtumiaji nisiyemfahamu, wala hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Fomu ya kubadilisha akaunti hakuna. Kwetu fomu hiyo lazima iwe na saini ya wakala na ya meneja wa manunuzi, na faili lake nalitunza mimi mwenyewe.

Uongozi umeagiza wote tubadilishe paswedi, basi. Fundi wetu mpya wa mifumo anasema seva ya lango hilo, ile ya Java, haijawekewa kiraka chochote (sasisho la kuziba tundu la usalama) tangu 2019. Mkaguzi wa nje katutajia CVE-2020-6287, namba ya kasoro ya usalama, akaondoka. Nimeisoma na sijaielewa. Inawezekana kweli mtu akajiundia mtumiaji bila paswedi ya yeyote? Na kama inawezekana, hizi paswedi mpya zinatusaidia nini? Nauliza kwa sababu vijana wawili wa idara yangu wameanza kutazamwa kama wezi, na mimi nawajua, siyo wao.

Seva_Nyakato

Pole sana dada. Ndiyo, inawezekana, na hao vijana wasiguswe mpaka logi (kumbukumbu za yaliyofanyika kwenye seva) zisomwe.

Kasoro hiyo iligunduliwa na kampuni ya Onapsis, wakaiita RECON. SAP walitoa kiraka Julai 14, 2020, na kwa ukali ilipewa alama 10 kati ya 10. Iko kwenye SAP NetWeaver AS Java, yaani seva ya Java ya SAP, matoleo ya 7.30 hadi 7.50, ndani ya chombo kinachoitwa LM Configuration Wizard. Chombo hicho ni cha kusanidi seva wakati inaposimikwa. Kazi za kila siku hazikihitaji. Ni kama mlango wa nyuma ambao mafundi waliutumia kuingizia saruji, watu wakahamia nyumba na mlango haujatiwa kitasa.

Huduma yake ya wavuti inakaa kwenye anwani /CTCWebService/CTCWebServiceBean, na ilikuwa inapokea maagizo bila kumuuliza mtumaji yeye ni nani. Anayeifikia kwa HTTP (njia ya kawaida ya wavuti) anatuma ombi, na ndani ya ombi hilo anaagiza aundiwe mtumiaji mwenye mamlaka ya admini, yaani msimamizi wa mfumo. Hajaiba paswedi ya mtu wala hajaikisia. Ule ukurasa wa kuingilia mnaoufungua asubuhi hakuupitia kabisa.

Ndiyo maana paswedi zenu mpya hazimgusi: ana akaunti aliyojiundia, na paswedi yake anaijua yeye. Na hili nakuomba ulifikishe kwa wakubwa wako neno kwa neno: hata kiraka peke yake hakimtoi. Kiraka kinamzuia atakayekuja kesho. Aliyekwisha kuingia anabaki na mamlaka yake mpaka mumtafute na kumwondoa kwa mkono.

Fundi wenu aitoe seva hiyo kwenye intaneti leo hii, mawakala watavumilia. Asifute kitu, kwanza anakili logi zote mahali pengine, maana zile za zamani hufutwa zikijaa. Kisha atafute kwenye logi za HTTP maombi ya POST (yanayopeleka data kwenye seva) yaliyokwenda kwenye anwani niliyoiandika hapo juu, alinganishe saa zake na saa ambayo mtumiaji wenu mgeni aliundwa. Zikioana, vijana wako wamesafishika kwa maandishi. Baada ya hapo aweke kiraka kilichoko SAP Note 2934135 (waraka wa maelekezo wa SAP). Akikwama, Note 2939665 inaeleza namna ya kukizima chombo chenyewe.

Seva iliyoachwa tangu 2019 sitaki kuamini ina tundu moja tu. Angalieni pia kasoro CVE-2025-31324 ya Aprili 2025, iliyoko kwenye Visual Composer, chombo kingine cha SAP. Nayo ina alama 10, na ilikuwa inashambuliwa kabla kiraka hakijatoka. Hiyo inaonekana kwa maombi ya POST kwenye /developmentserver/metadatauploader.

Kapripointi

Si wangeweka tu OTP, ile namba ya siri ya mara moja inayokuja kwenye simu? Ofisini kwetu tuliweka na usumbufu ukaisha.

Seva_Nyakato

Mkuu, OTP huombwa kwenye ukurasa wa kuingilia. Huyu hakupita huko. Waiweke, ni nzuri kwa anayeiba paswedi, lakini kwa RECON haina pa kumkamatia.

Na wengine mnaosoma hapa, msijaribu anwani hizo kwenye seva za watu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakuhusu hata kama nia yako ni njema. Kwa seva ya kwenu, pata ruhusa ya maandishi.

DadaMhasibu_Mza

Asante sana kaka. Fundi ameshakata lango, na logi anazinakili sasa hivi. Mimi nifanye nini upande wa hesabu wakati yeye anaendelea? Kesho kuna malipo ya mawakala wa Musoma.

Mkaguzi_Igoma

Dada, hayo malipo yasitoke kwanza. Endesha ripoti ya RFKABL00, inaonyesha mabadiliko kwenye rekodi za wasambazaji. Chuja jedwali la LFBK, ndimo zinamokaa akaunti za benki, na usiishie Jumapili hiyo. Rudi nyuma mpaka ripoti itakapogota. Kila badiliko lililofanywa na mtumiaji asiyejulikana, au lisilo na fomu kwenye faili lako, mfungie msambazaji huyo malipo.

Benki iliyopokea ile pesa ya Ukerewe ipigiwe na benki yenu leo, kabla haijatolewa, na polisi wapewe taarifa hata kama uongozi unaona aibu. Mambo yakitulia, mwombe fundi aifanye sehemu ya akaunti ya benki kuwa nyeti, ili mmoja akibadilisha, malipo yasimame mpaka mwingine athibitishe kwa FK08 (skrini ya SAP ya kuthibitisha badiliko). Ila watumiaji wageni waondolewe kwanza, maana mwenye mamlaka ya admini anaweza kujiundia na huyo wa pili.

Mawakala wa Musoma wapigie mmoja mmoja wakusomee akaunti zao. Namba za simu chukua kwenye mikataba ya karatasi, usichukue kwenye mfumo. Aliyebadilisha akaunti anaweza kuwa amebadilisha na simu.