Bima ilipie sindano za Kichina kwa aleji ya chavua?

Mgeni wa Berlin:
Wakuu salaam. Miti ya birki ikichanua huku, watu wanapiga chafya tangu Machi hadi Mei. Sasa kuna wanaotaka bima ya umma ya Ujerumani igharamie akyupancha (kudungwa sindano nyembamba zisizo na dawa) kwa aleji hii, kama inavyoigharamia tangu 2007 kwa maumivu sugu ya kiuno na goti lililosagika. Mimi napinga.

Wanaotetea hutaja utafiti wa hospitali ya Charité uliotoka 2013, wenye wagonjwa 422. Kundi moja lilidungwa sehemu zinazotakiwa, la pili likadungwa juujuu sehemu zisizohusika, la tatu likabaki na vidonge vya setirizini (dawa ya aleji) tu. (Makundi mawili ya kwanza nayo yaliruhusiwa kumeza setirizini yakizidiwa.) Vikao 12 kwa wiki 8. Waliodungwa kweli walipata nafuu zaidi, takriban nusu alama kuliko waliodungwa juujuu, kwenye kipimo cha 0 hadi 6 cha jinsi aleji inavyomsumbua mtu. Wiki 8 baada ya sindano kukoma, tofauti haikuonekana tena.

Halafu walidungwa msimu ukiwa umeshaanza! Sasa kuna mdunga sindano anayetangaza "njoo Januari tukukinge"; kinga yake kaipima wapi?

Dereva wa Basi:
Mkuu, mbona mwaka wa pili umeuruka? Msimu uliofuata waliodungwa kweli walikuwa na nafuu kuliko wa sindano bandia. Ndogo, sawa. Lakini setirizini niliyomeza mwaka jana inanifaa nini mwaka huu? Na mimi inanilaza, nami nabeba abiria.

Mgeni wa Berlin:
Nafuu hiyo ipo, dada, ila hata watafiti wenyewe hawakuwa na hakika kama ni kubwa kiasi cha mgonjwa kuijali. Ukitaka kitu cha kudumu, kuna tiba ya kuuzoesha mwili chavua kidogo kidogo, kwa sindano au dawa ya chini ya ulimi. Inachukua kama miaka 3, na bima hiyohiyo inalipa.

Kijana wa Kariakoo:
Mmeng'ang'ania sindano, mitishamba mmeiacha. Wachina wana yu ping feng san, unga wa mizizi mitatu, wanaunywa kabla msimu haujafika. Mama Tu Youyou, mwanasayansi wa China, alipewa Nobeli 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka kwenye mmea wa qinghao, na leo sote tunameza dawa mseto. Mbona ile hamwiiti ushirikina?

Mfamasia:
Kwa sababu yeye na wenzake walikitoa kiini chenyewe, kikapimwa, kipimo cha kumeza kikajulikana. Unga wa pakiti ni habari nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kliniki moja ya kupunguza unene Brussels iliwapa wateja mitishamba ya Kichina. Badala ya mmea wa Stephania ukaingia mwingine wenye sumu, Aristolochia. Makumi ya wanawake wakaharibika figo, wengine wakapata saratani ya njia ya mkojo. Haikuwa dawa ya aleji, najua. Nauliza tu: kwenye huo unga wako, nani kahakikisha ni mizizi ipi?

Kijana wa Kariakoo:
Muuzaji ni mtu ninayemfahamu.

Mfamasia:
Na yeye kanunua kwa nani?

Dereva wa Basi:
Jamani, swali ni la sindano. Mimi nasema bima ilipie vikao 12 kwa ambao vidonge vinawalaza na kazi yao haivumilii usingizi, mpaka tiba ya kuzoesha mwili ishike. Wengine wajilipie. Mkuu wa Berlin, hilo nalo unalipinga?

Mgeni wa Berlin:
Nalipinga. Dawa ya kupulizia puani hailazi mtu, na inazidi hata vidonge kwa kuzibua pua. Umeijaribu?